Kiwanja Kilichobakishwa na Chai

Mpira wa kwanza wa gofu niliouona maishani ulitoka kwenye tenga la mama, umefunikwa na chai mbichi. Ilikuwa Mufindi, masika ya mwaka 1987, nami nilikuwa na miaka saba. Mama alikuwa kibarua wa kuchuma kwenye shamba lililopakana na kiwanja, na siku hiyo mpira ulikuwa umenasa juu ya michai, kwenye ule uso bapa ambao wachumaji huuita meza. Hakuutupa. Kabla ya kufika kwenye mizani aliutoa tengani akaufunga kwenye pindo la kanga, maana karani angeukuta angesema unaongeza uzito. Jioni akanikabidhi nimpelekee baba mdogo.

Baba mdogo alikuwa kedi, yaani mbeba begi la fimbo za wacheza gofu. Aliupokea kwa mikono miwili, akaugeuza, akapitisha kidole gumba kwenye vile vishimo vyake kama mtu anayekagua mbegu. "Huu bado mzima," akasema, akautia kwenye kopo la maziwa alilolificha darini. Jumamosi aliuuza. Wiki iliyofuata, sisi ambao tulikuwa tukiishi katikati ya chai kama samaki majini, tulikunywa chai yenye sukari siku tatu mfululizo.

Wasomaji wa umri wangu watakumbuka ile miaka. Vita vya Kagera vilikuwa vimekausha hazina ya fedha za kigeni, sabuni ilikuwa ya foleni, khanga ya mgao, na hata biashara ilipoanza kufunguliwa hakuna aliyekuwa na sababu ya kuagiza mipira ya gofu. Mpira uliopotea kwenye chai ulitafutwa na watu wanne. Uliochubuka ulipakwa rangi nyeupe ya mafuta ukaanikwa juu ya kipande cha bati. Kwa hiyo kwangu mimi gofu haikuanza kama mchezo wa matajiri ninaousikia ukitajwa hivyo kila mahali. Ilianza kama kitu ambacho watoto wa wachumaji walikitafuta kwa miguu mitupu, asubuhi, kabla ya kengele ya shule, huku umande ukiwafika mapajani.

Sasa mimi ni mpima ardhi, naishi Iringa, na kazi hii imenipa mazoea ambayo sitayaacha hadi nizeeke: nikiona mahali, naona kwanza mistari ya mwinuko. Julai iliyopita nilikwenda Mufindi kumsalimia baba mdogo, na kwa mara ya kwanza nikamwomba tutembee kiwanja chote pamoja, shimo kwa shimo, yote tisa. Kwenye gofu shimo si tundu tu; ni njia nzima kuanzia pa kupigia mpira wa kwanza hadi kwenye tundu lenyewe. Nilitaka kukiona kwa macho ya kazi yangu na kwa macho yake. Tulitumia siku mbili, kwa sababu magoti yake hayapendi miteremko tena, na kwa sababu kila baada ya hatua hamsini alikuwa na jambo la kunionyesha.

Kwa asiyepajua: ukitoka Iringa kuelekea Mbeya unapita Mafinga, halafu Nyololo unaacha lami ya barabara kuu na kukata kushoto kwenda Igowole na Kibao. Misonobari inakusindikiza kwanza, kisha ghafla inakwisha na chai inaanza, kijani kilichokatwa sawasawa mpaka upeo wa macho, na katikati yake mikaratusi mirefu ya kuni za kiwanda. Uko mita zipatazo 1,900 juu ya usawa wa bahari. Ukungu hupanda kutoka kwenye ukingo wa safu, upande wa bonde la Kilombero, na kuna asubuhi ambazo hauondoki mpaka saa nne. Ndani ya mashamba hayo kuna klabu, na mbele ya klabu kuna kiwanja cha gofu cha mashimo 9. Wengi wanaopita barabara kuu kila wiki hawajui kama kipo.

Nilianza kwa swali ambalo mpima ardhi yeyote angeliuliza: kwa nini hapa?

Mwenye shamba la chai hatoi ardhi nzuri kwa mchezo. Chai hupenda mvua nyingi na udongo wenye uchachu, lakini haipendi kusimama kwenye maji. Mizizi yake ikilowana muda mrefu huoza. Tena Juni na Julai, hewa ya baridi ni nzito, hushuka usiku kama maji yanavyoshuka, ikajikusanya mabondeni, na asubuhi unakuta jalidi imeunguza majani ya chini wakati ya juu kilimani hayajaguswa. Kwa hiyo anayepanda chai huchukua mabega ya vilima na migongo yake, na kubakisha bonde: pale palipo na majimaji, pale penye baridi ya kuua, na ile miteremko myembamba inayoteremkia kwenye mfereji. Tembea kiwanja hiki huku ukikumbuka jambo hilo na utaona mpaka wake ulivyopita. Chai inakoma pale ambapo maji yanaanza kuwa tatizo. Gofu inaanzia hapo hapo. Hiyo ndiyo hukumu yangu baada ya kukitembea, na sijaona mstari mmoja wa mpaka unaoipinga.

Nilimwambia baba mdogo wazo hili tukiwa tumesimama kwenye tii ya kwanza, yaani pale pa kuanzia kupiga mpira. Akanyamaza kidogo, akaelekeza fimbo yake bondeni. "Bibi yako alikuwa akisema pale pangekuwa kinyungu kizuri kuliko vyote." Aliyekulia kwa Wahehe au Wabena hahitaji kuelezwa. Vinyungu ni yale mashamba ya bondeni tunayolima kiangazi, wakati juu pamekauka, kwa matuta yanayopitisha maji katikati yao. Mahindi mabichi, maharage na mboga za mwezi wa Septemba hutoka huko. Bibi, ambaye hakuwahi kushika fimbo ya gofu, alikuwa ameusoma unyevu wa ardhi ile kwa usahihi uleule nilioufikia mimi baada ya miaka ya chuo na ishirini ya kazi.

Historia ya jinsi ardhi hiyo ilivyofika mikononi mwa wacheza gofu ni ndefu, nami nitaikata. Wajerumani walijaribu chai mwanzoni mwa karne ya 20, Amani kule Usambara na Kyimbila huku Rungwe, lakini haikuwa biashara bado. Baada ya Vita vya Kwanza walifukuzwa Tanganyika, wakaruhusiwa kurudi mwaka 1925, na Mufindi ikawa mojawapo ya sehemu walizokuja kuanza upya. Mwaka huohuo Lord Delamere, mlowezi mkubwa wa Kenya, aliitisha mkutano wa walowezi Tukuyu, akitaka wazungu wa kutoka Kenya hadi Rhodesia na Nyasaland wawe na sauti moja, na alihangaika kuwavuta Waingereza nao waje nyanda hizi za juu. Kwa hiyo palikuwa na Wajerumani na Waingereza wakipanda chai kwenye vilima vilivyopakana. Vita vya Pili vilipozuka mwaka 1939 Wajerumani walikamatwa, mashamba yao yakawekwa chini ya msimamizi wa mali ya adui, na kampuni ya Brooke Bond ikaingia. Yenyewe ilinunuliwa na Unilever mwaka 1984. Wazee wa kwetu bado wanasema "Bruku Bondi" wakimaanisha kazi yoyote ya chai, awe mwajiri ni nani.

Klabu za namna hii zilikuwa dawa ya upweke. Meneja aliyekaa peke yake juu ya kilima, na jirani yake wa karibu akiwa saa nzima ya barabara ya matope, alihitaji mahali pa kukutana na watu Jumamosi. Ndiyo maana ukienda Kericho utakuta chai na gofu bega kwa bega, na Assam kule India vivyo hivyo. Viwanja hivyo vya mashambani mara nyingi vilichorwa na wenye mashamba wenyewe, kwa vigingi na kamba na kumbukumbu ya kiwanja walichochezea utotoni kwao. Waliovichimba ni wengine. Kabla ya tingatinga, kila tii iliyoinuliwa na kila grini iliyosawazishwa, lile eneo la nyasi fupi lenye tundu na bendera, ilikuwa jembe, sururu, karai na mgongo wa mtu. Ukiniuliza nani alijenga viwanja hivi, nitakuambia ni manamba, vibarua wa mkataba, na ukitembea pale kwetu, kile kiunzi cha udongo unachosimama juu yake kupiga mpira kimeinuliwa kwa karai.

Na kwa sababu udongo ulibebwa kwa karai, haukubebwa mwingi. Hapa ndipo uzuri wa viwanja vya zamani ulipo, na ningependa kila anayechora kiwanja leo apajue. Mwenye tingatinga hubadilisha ardhi ifuate mchoro. Asiye nalo hutafuta shimo ambalo ardhi imeshalichora. Alister MacKenzie, daktari wa Kiingereza aliyegeuka kuwa mchoraji wa viwanja mashuhuri kuliko karibu wote, yule aliyeichora Augusta National kule Marekani pamoja na Bobby Jones, alisema alijifunza sehemu ya ufundi wake kwenye vita vya Makaburu Afrika Kusini, kwa kutazama jinsi Makaburu walivyojificha bila kuibadilisha ardhi. Kitu kilichojengwa na binadamu, kwake, kilipaswa kuonekana kana kwamba kilikuwapo siku zote. Kiwanja chetu hakikuhitaji daktari wa kukipa fundisho hilo. Umaskini wa zana ulitosha.

Shimo ninalolipenda ni lile ambalo makedi huliita la mfereji. Unasimama juu ya bega la kilima, bonde liko mbele yako, kijito kinapita chini, na grini iko ng'ambo, imekaa kwenye mteremko kama kigoda. Hakuna banka, yaani shimo la mchanga, la kutisha, wala bwawa la kuchimba. Mufindi hatuna mchanga juu ya ardhi, tuna udongo mwekundu, na kuchonga mashimo ya mchanga kila mahali kungekuwa kuiga pwani ya Scotland ambako mchanga ni wa bure. Kinachokulinda usipige ovyo ni mteremko wenyewe. Ukipiga fupi, mpira unarudi nyuma taratibu mpaka kwenye majimaji. Ukipiga mrefu, unaingia kwenye chai. Kushoto kuna nafasi pana ya kukimbilia, salama kabisa, ila kutokea huko mpira wa pili unateremka kuelekea shimoni na hausimami. Kila mtu, mzee na kijana, anapewa njia yake, na kila njia ina malipo yake. Niliweka mguu pale, nikapima kwa macho kama ninavyopima barabara mpya, nikaona hakuna hata toroli kumi za udongo zilizohamishwa kulipata shimo lile.

Halafu kuna nyasi. Nyasi za kikuyu ni za kwetu, za nyanda za juu za Afrika Mashariki, na zimesambaa duniani kutoka huku. Ni nene, zinatambaa, zinajisuka kama mkeka. Mpira hukaa juu yake vizuri, kama umewekwa kwenye mto, lakini ukishuka kutoka angani hauviringiki. Kule pwani za Scotland gofu ilikozaliwa, ardhi ni ngumu na nyasi ni fupi, kwa hiyo mchezaji hupiga mpira chini ukaviringika mpaka kwenye grini. Jaribu hivyo Mufindi na mpira utakufa hatua tatu mbele yako. Lazima uupeleke kwa hewa. Na hewa yenyewe ni nyepesi: kwenye mwinuko wetu mpira huenda mbali zaidi kwa asilimia kama saba kuliko Dar es Salaam, ambayo kwa pigo la mita 150 ni mita kumi nzima. Baba mdogo hakuwahi kusikia asilimia hizo. Alichokuwa akiwaambia wageni wa kutoka pwani ni hiki: "Bwana, punguza fimbo moja, huku hewa haina mkono wa kushika mpira." Yaani chagua fimbo ya pigo fupi zaidi. Aliniambia walikuwa wakibisha kwenye shimo la kwanza, na kufikia la tatu wanamuuliza yeye kabla ya kuchagua.

Mashimo ni tisa, na raundi kamili ni kumi na nane, kwa hiyo kiwanja huzungukwa mara mbili. Wasioijua gofu huona kama upungufu. Kwa jicho langu ni ufundi wa kubana matumizi ambao shughuli nyingi za ardhi zingefaidika nao. Viwanja vya tisa huweka tii mbili kwa shimo moja, ya mzunguko wa kwanza na ya pili, moja nyuma, nyingine pembeni. Grini ni ileile, bendera ileile, lakini ukitokea pembe nyingine mteremko ambao ulikuwa ukikusaidia asubuhi unageuka kukukimbiza. Hata ile kumi na nane haikutoka mbinguni. St Andrews kule Scotland, ambako kila mtu huelekeza kidole, walikuwa wakicheza mashimo 22 kwa raundi hadi mwaka 1764, walipounganisha mafupi, yakabaki 18, na dunia ikafuata. Mashindano ya kwanza ya Open, yale makubwa ya gofu ya Uingereza, Prestwick mwaka 1860, yalichezwa kwenye kiwanja cha mashimo 12. Na hapo St Andrews penyewe grini saba hutumiwa na mashimo mawili kila moja, na ukijumlisha namba za mashimo yanayochangia grini moja unapata 18 kila mara: la 2 na la 16, la 3 na la 15, la 4 na la 14. Nilipoligundua hilo nilikaa na karatasi nikajumlisha yote kwa furaha ya mtoto. Ardhi ndogo ikitumiwa mara mbili haiwi pungufu.

Kuna tarehe moja ninayoibeba moyoni na lazima niiweke hapa. Shimo la gofu, lile ambalo mpira huingia, lina upana wa milimita 108 popote duniani, Mufindi, Nairobi, St Andrews. Kipimo hicho kilifanywa sheria na wakuu wa gofu wa St Andrews mwaka 1891. Mwaka huohuo, tarehe 17 Agosti, pale Lugalo karibu na Iringa, askari wa Mtwa Mkwawa walikivamia kikosi cha kamanda wa Kijerumani Emil von Zelewski na kukimaliza, Zelewski mwenyewe akiwemo. Wazee wangu walipigana upande mmoja wa dunia huku upande mwingine watu wakipima tundu. Matukio hayo hayakujuana. Lakini kiwanja cha gofu cha jeshi letu Dar es Salaam, chenye mashimo 18, ambako vijana wengi wa Kitanzania wamejifunzia mchezo, kinaitwa Lugalo, kufuata jina la kambi iliyochukua jina la vita ile. Kila shimo la pale lina zile milimita 108. Nikipita karibu na uzio wake huwa napunguza mwendo.

Nirudi kwa makedi, maana bila wao kiwanja ni nyasi tu.

Klabu za wakati wa ukoloni zilikuwa za wazungu. Mwafrika aliingia na begi begani au na trei mkononi. Baada ya uhuru wa 1961 milango ilianza kufunguka, kwa kasi tofauti mahali tofauti, lakini ujuzi wa kiwanja ulikuwa tayari umeshahamia kwa waliokuwa wakibeba mabegi. Meneja alikaa miaka mitatu, minne, akahamishwa. Kedi alibaki. Baba mdogo alianza akiwa na miaka kumi na mmoja, akifundishwa na kedi aliyefundishwa na kedi, na alichopokea hakikuandikwa popote: grini ipi hukauka kwanza baada ya mvua, upepo wa mchana hugeuka saa ngapi, mchezaji gani usimwambie ukweli kabla hajanywa chai. Walichezea fimbo walizojitengenezea wenyewe, nondo iliyopindwa mdomo kwa moto, mpini umefungwa mpira wa baiskeli. Jumatatu, kiwanja kikiwa kitupu, walicheza wao kwa wao kwa hizo nondo. Anasema kulikuwa na kijana mmoja aliyemaliza mashimo tisa kwa mikwaju 38 kwa nondo moja tu, na mimi nimeamua kumwamini.

Wasichana hatukuwa makedi. Kaka yangu alibeba mabegi, mimi nilitafuta mipira kwenye chai, na mpaka wangu ulikuwa ule mstari ambapo michai inakoma. Siku moja niliuvuka kufuata mpira uliobingirika, mtu mmoja mwenye mamlaka akanifokea mbele ya watu, na mama akaitwa kuonywa. Hakunipiga. Alinishika mkono tukarudi kwenye mistari yetu, na hakulitaja tena hadi alipofariki. Alichuma karibu na grini ile miaka kumi na tisa na hakuwahi kuikanyaga. Leo Tanzania ina wanawake kama Madina Iddi wanaobeba bendera ya taifa kwenye gofu, na kila ninapoona jina lake gazetini namkumbuka mama amesimama pembeni na tenga mgongoni, akitazama watu wakitafuta kitu alichokuwa nacho kwenye pindo la kanga.

Kwa hiyo Julai, tulipofika kwenye mstari ule, nilisimama. Baba mdogo alielewa. Hakuniambia maneno makubwa. Alisema, "Pita, mama, twende grini."

Kwenye grini alinifundisha jambo ambalo vitabu vyangu vya upimaji vingelieleza kwa kurasa sita. Alichuchumaa kwa shida, akanifanya nichuchumae naye. "Usitazame shimo," akasema. "Tazama kama mvua inanyesha sasa hivi. Maji yangekwenda wapi?" Nikatazama. Niliona mara moja, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu, kutafuta maji yatakapokwenda ili barabara isibebwe. Yangeanza juu kulia, yakajikunja katikati, yakatoka kushoto kuelekea mferejini. "Basi mpira ni maji yanayokwenda polepole," akasema. Alinipa fimbo ya kusukumia mpira tunduni. Nililenga upana wa kiganja kulia kwa shimo. Mpira ukaenda ukajikunja pale pale maji yangejikunja, ukasimama kwenye mdomo wa tundu, na yeye akapiga kofi moja la mikono, kavu, kama mtu anayefunga mlango.

Jioni hiyo nililala kwake. Alfajiri aliniamsha saa kumi na mbili kasoro, giza bado, akiwa amevaa koti lake la zamani na kofia ya sufi. Kiwanja kina watunzaji wengine sasa, vijana wenye mashine, lakini wamemwachia grini moja aishughulikie asubuhi akitaka, kwa heshima. Tulipofika umande ulikuwa mweupe, unaweza kuandika jina juu yake. Umande ukikaa kwenye nyasi fupi mpaka jua lipande huzaa ukungu wa ugonjwa unaozila kwa madoa ya mviringo. Dawa ya zamani, inayotumika hata kwenye viwanja vikubwa vya Ulaya, ni kuupiga umande kwa ufito mrefu wa mwanzi mpaka matone yadondoke na nyasi zikauke. Huku kwetu mwanzi hautafutwi. Mlanzi unaotupa ulanzi wakati wa mvua unaota nyuma ya nyumba, na ufito aliokuwa nao aliukata mwenyewe, mrefu kama mita nne, umelainika mahali mkono wake unaposhika.

Aliupeleka kushoto, akaurudisha kulia, polepole, ncha ikiburuza. Nyuma yake ulibaki upinde wa kijani kibichi juu ya weupe. Akafanya mara tano, sita, kisha akapumua akanipa.

Ulikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani, na ulitetemeka mkononi. Kule juu, kwenye chai, wachumaji walikuwa wameanza kuitana, sauti za kina mama zikitoka ndani ya ukungu bila sura. Baba mdogo alijiegemeza kwenye fimbo yake.

"Unaanzia wapi?" akaniuliza.

Nikaenda upande wa juu kulia, yanakoanzia maji.